Goti Zima Kutiwa Kisu: Mapitio ya Azimio la Majmaa ya Fiqhi Kuhusu Kunyonya Mafuta



Katika darsa moja ya akina mama huko Matemwe, kaskazini mashariki ya Unguja, lililetwa swali kwa karatasi. Muulizaji ni mke wa mtu, mzima wa afya, na uzito wake hauna tatizo lolote. Ila upande wa ndani wa magoti yake pana mafuta, kama walivyo mama yake na mama zake wadogo. Mumewe amekuwa akimwonesha kwenye simu picha za wanawake wenye miguu myembamba, na amemwambia kuwa nauli ya Dar es Salaam na gharama za daktari atazitoa yeye. Anauliza: je, yajuzu mafuta yale kunyonywa kwa upasuaji ili goti lipate umbo?

Majibu mawili yalitolewa palepale, na yote mawili yalitolewa kwa haraka. Wa kwanza akasema ni haramu kwa kuwa ni kubadilisha maumbile ya Allah, na mjadala umekwisha. Wa pili, kijana aliyesoma kidogo, akasema Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa imekwisha kuruhusu kunyonya mafuta, na wanazuoni wakubwa wakishasema, sisi wa vijijini tuna lipi la kuongeza?

Makala hii inaliangalia hilo azimio lenyewe. Tunaona limetajwa zaidi kuliko lilivyosomwa, na pia lina upungufu wake ambao ni haki kuuonesha kwa adabu.

Na asidhani msomaji kuwa haya ni mambo ya Ulaya na Marekani tu. Katika miaka hii ya 2020 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, imetangaza huduma za upasuaji wa kurekebisha maumbo pamoja na ile ya puto la tumboni kwa wenye uzito uliopindukia. Nairobi kliniki za namna hii zipo, na mwaka 2024 mwanamke mmoja alifariki huko siku chache baada ya kufanyiwa upasuaji wa kunyonya mafuta, hata baraza linalosimamia madaktari wa Kenya likaifunga kliniki iliyohusika. Kwa hiyo mama wa Matemwe hakuuliza jambo la kudhania. Boti ya asubuhi inaondoka Malindi kila siku.

AZIMIO LINASEMA NINI

Azimio hilo ni namba 173 (18/11), lililopitishwa katika kikao cha 18 cha Majmaa kilichofanyika Putrajaya, Malaysia, mwezi wa Julai 2007 (Jumada al-Akhira 1428). Linahusu upasuaji wa urembo kwa jumla. Limeweka masharti: upasuaji uwe na maslahi yenye kuzingatiwa na sharia, usilete madhara makubwa kuliko faida yake, afanye daktari bingwa mwenye sifa, mgonjwa aridhie, daktari amweleze hatari zote, isiwepo njia nyingine nyepesi zaidi, na yasivunjwe makatazo mengine ya sharia kama vile kufunua awra pasipo haja. Kisha likaruhusu kurudisha viungo katika hali yake ya kawaida, kutengeneza aibu za kuzaliwa nazo na zilizotokana na moto, ajali au maradhi, na kuondoa ubaya wa sura unaomletea mtu maudhi ya mwili au ya nafsi. Likakataza upasuaji ambao si matibabu, unaokusudia kugeuza umbo la kawaida la mtu kwa kufuata matamanio na kuiga watu wengine.

Ndipo kikaja kifungu cha mafuta. Maana yake ni kuwa yajuzu kupunguza uzito kwa njia za kitaalamu, na miongoni mwao ni upasuaji, yaani kunyonya mafuta, iwapo uzito wenyewe umefikia kuwa ni maradhi, na haikupatikana njia isiyokuwa upasuaji, kwa sharti la kusalimika na madhara.

Hapo kijana wetu wa darsani ameshika neno moja na kuyaacha matatu yanayolifunga. Ruhusa imefungamana na uzito, na uzito uwe maradhi, na njia nyingine ziwe zimeshindikana. Muulizaji hana hata moja katika hayo. Uzito wake ni wa kawaida, magoti hayamuumi, na hajaambiwa na daktari yeyote kuwa anaumwa. Anayemruhusu kwa kifungu hiki amemruhusu kwa kifungu kisichomhusu.

Lakini kifungu chenyewe nacho kina tatizo, na hili madaktari wanalijua. Kunyonya mafuta si dawa ya unene. Njia hii ilienea baada ya kazi za Giorgio Fischer nchini Italia na Yves-Gérard Illouz mjini Paris katika miaka ya 1970, na tangu hapo ilikusudiwa kutengeneza umbo la sehemu moja ya mwili: tumbo, mapaja, kidevu, goti. Mtu mnene kwa maradhi hutibiwa kwa chakula, mazoezi, dawa, na akishindwa kabisa, kwa upasuaji wa tumbo la chakula. Huyo ndiye madaktari wenye uangalifu wanayemwambia kuwa kunyonya mafuta hakumfai, na hatari zake kwake ni kubwa zaidi. Kwa hiyo Majmaa imekiruhusu chombo kwa kazi ambayo si yake, na wale wanaokwenda kukitumia hasa, watu wa uzito wa kawaida wanaotaka umbo, haikuwataja kwa jina. Wameachiwa vifungu vya jumla, na kwenye vifungu vya jumla kila mtu hujipimia kanzu yake.

Hatusemi haya kwa kuwadharau wanazuoni waliokaa Putrajaya. Mufti hutoa hukmu juu ya sura ya jambo aliyopewa, na hapa sura aliyopewa haikuwa kamili.

KUBADILISHA MAUMBILE: NENO LENYE MIPAKA

Sasa tuje kwa mwenye jibu la kwanza. Dalili yake ni nzito. Katika Surat an-Nisaa, aya ya 119, Allah (S.W.) ametueleza kuwa Shetani aliahidi kuwaamrisha watu wabadilishe maumbile aliyoyaumba. Na katika Hadithi ya Ibn Mas'ud (R.A.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, wamelaaniwa wenye kuchanja na kuchanjwa mwili kwa rangi, wenye kunyonyoa nyusi, na wenye kuachanisha meno kwa ajili ya uzuri. Wazee wetu wa pwani waliifahamu Hadithi hii kwa macho yao, kwani baadhi ya makabila ya bara walikuwa wakichonga meno na kuchanja chale za nembo usoni.

Lakini Imam an-Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, amezingatia lile neno la mwisho, kwamba kilichoharamishwa ni kufanya hivyo kwa kutafuta uzuri, ama akihitaji kwa matibabu au kwa aibu iliyo katika jino, hapana ubaya. Na Arfaja bin As'ad (R.A.), ambaye pua yake ilikatwa katika vita vya Kulab, alitia pua ya fedha ikamnukia, na Mtume (S.A.W.) akamwamrisha atie ya dhahabu. Basi si kila kuugusa mwili ni kuubadilisha kulikolaaniwa.

Tena kuna Hadithi ambayo katika mlango huu husahauliwa sana. Bibi Aisha (R.A.) ameeleza, katika riwaya ya Abu Dawud na Ibn Majah, kuwa mama yake alitaka kumnenepesha kabla ya kuingia nyumbani kwa Mtume (S.A.W.). Vitu vingine havikumfaa mpaka alipolishwa matango kwa tende mbivu, akanenepa vizuri. Huku ni kuubadilisha mwili ili upendeze kwa mume, na hakuna aliyelaumiwa. Wenyeji wa Unguja hawana haja ya kusherehewa, kwani mwari wetu akiwekwa ndani, akasingwa na somo wake na akalishwa mpaka akanawiri, hufanyiwa jambo la aina hiyo hiyo. (Wakati huo hakuna aliyemuonea haya msichana mwenye goti lililojaa. Leo vijana wana kipimo chao cha mguu, wamekiita kwa jina la chupa ya pombe, na hilo tu lingetosha kuwafanya Waislamu wakitilie shaka.)

Mafuta ya mwili huja na huondoka. Anayepunguza goti lake kwa kutembea pwani ya Matemwe kila alfajiri, au kwa kupunguza wanga na sukari, hakubadilisha maumbile yaliyokatazwa, hata kama nia yake ni kumpendeza mumewe. Kwa hiyo anayeharamisha kwa kusema "umbo limebadilika" atalazimika kumharamishia na huyu, na hapana faqihi aliyesema hivyo.

Al-Qurtubi, katika tafsiri ya aya hiyo, ametaja kipimo kingine: kilichokatazwa ni kile chenye kubakia, ama kisichobakia kama wanja, hakimo. Kipimo hiki kina nguvu, na mafuta yaliyonyonywa mahali hayarudi kwa wepesi pale pale. Lakini peke yake hakitoshi, kwa sababu tundu la sikio nalo hubakia.

SIKIO NA GOTI

Hapa pana hoja ambayo tumeisikia kwa akina mama wenyewe, na ni hoja nzuri kuliko ya kijana wa Majmaa. Wanasema: mbona nyinyi masheikh hamkuwakataza bibi zetu? Tazameni picha za zamani za wanawake wa Mji Mkongwe, za mwisho wa karne ya 19. Masikio yametobolewa matundu kwa matundu, na ndani yake vimetiwa vipande vya karatasi vilivyoviringwa. Hilo si jeraha? Si la kudumu? Si kwa ajili ya uzuri?

Ni jeraha, ni la kudumu, na ni kwa ajili ya uzuri. Na Imam al-Ghazali, ambaye ni katika nguzo za madhehebu yetu ya Shafi'i, hakulifumbia macho. Katika Ihyaa amekataza kutoboa sikio la mtoto wa kike kwa ajili ya kutundika dhahabu, kwa kuwa ni jeraha lenye kuuma, na jeraha la namna hiyo halifanywi ila kwa haja kama kuumika, kutoa damu au kutahiri, na kujipamba kwa herini si haja ya kiasi hicho. Wengi katika fuqahaa hawakukubaliana naye. Wakasema wanawake wa zama za Mtume (S.A.W.) walivaa herini, na siku ya Idi walizivua wakazitoa sadaka katika nguo ya Bilal (R.A.), na Mtume (S.A.W.) hakuwakataza. Ni jeraha dogo, hupona upesi, na ni pambo lililokubalika katika desturi.

Angalia sasa, ndugu msomaji, jinsi walivyobishana. Hawakubishana kama sikio limebadilika umbo au la. Walibishana kama jeraha hili lina kinacholihalalisha. Mwili ni amana, na asili ya kuujeruhi ni katazo mpaka ipatikane sababu. Tunaona huu ndio mlango sahihi wa kuingilia katika suala la goti, na ndio uliokosekana katika majibu yote mawili ya darsani.

Tukiingia kwa mlango huo, waliomruhusu mwenye herini walikuwa na mambo matatu: udogo wa jeraha, usalama wake, na kupitishwa na Mtume (S.A.W.). Kunyonya mafuta hakuna hata moja. Mgonjwa huingiziwa chini ya ngozi maji yaliyochanganywa na dawa ya ganzi na ya kuzuia damu, au hulazwa kabisa kwa nusukaputi. Kisha huingizwa bomba la chuma linalokwenda na kurudi likivunja mafuta na kuyavuta. Madhara yanayojulikana ni ngozi kubaki na mabonde, maji kujikusanya, vijidudu kuingia, sumu ya dawa ya ganzi ikizidi kipimo, damu kuganda katika mishipa ya mguu, na mafuta au damu iliyoganda kupanda mpaka mapafuni. Haya ya mwisho huua. Hayatokei kwa wengi, lakini aliyetokewa nayo alikwenda kwa miguu yake, mzima.

Jambo la ajabu ni kwamba historia ya upasuaji huu kwa Wazungu wenyewe imeanzia kwenye goti. Katika miaka ya 1920 mpasuaji mmoja mashuhuri wa Paris, Charles Dujarier, alijaribu kuondoa mafuta katika vigimbi na magoti ya mwanamke kijana aliyetaka miguu mizuri. Mguu ukaoza, ukakatwa. Kesi ilipofika mahakamani mwaka 1929, mahakama iliona kuwa kufanya upasuaji wenye hatari kubwa juu ya kiungo kizima, kwa ajili ya kunyoosha umbo tu, ni kosa kwa nafsi yake. Mahakama ya rufaa mwaka 1931 ilizilegeza sababu hizo, ikashika zaidi kuwa mgonjwa hakuelezwa hatari vya kutosha, lakini fidia ikabaki. Hawa hawakusoma Ihyaa. Wameuliza swali lile lile la al-Ghazali: jeraha hili kwa haja gani?

Na fuqahaa wetu wamekwisha kusema kuwa ridhaa ya mwenye mwili haiifanyi haramu kuwa halali, wala haimwondolei dhamana mtu anayejitia katika utabibu hali hajulikani kwa utabibu. Hadithi ya Abu Dawud na wengineo iko wazi juu ya huyo wa mwisho.

AWRA NA MUME

Goti lina hukmu yake mahsusi. Kwa mwanamume, kauli sahihi ya Kishafi'i ni kuwa awra ipo baina ya kitovu na goti. Kwa mwanamke mbele ya wanawake wenzake Waislamu na mbele ya maharimu zake, hali ni hiyo hiyo. Mbele ya mwanamume wa kando, mguu wote ni awra. Daktari mwanamume ameruhusiwa kutazama na kugusa pale panapokuwa na haja ya matibabu, asipopatikana mwanamke wa kuifanya kazi hiyo, na awepo maharimu au mume. Ruhusa hii imejengwa juu ya haja. Haja ikiondoka, ruhusa nayo huondoka. Basi mume anayempeleka mkewe akafunuliwe mapaja na magoti mbele ya mwanamume mwingine, ili hayo magoti yapate kumfurahisha yeye, ajiulize wivu wake ameuweka wapi.

Watu husema: lakini kujipamba kwa ajili ya mume ni ibada. Ni kweli. Ila imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa mwanamke mmoja wa Kiansari alikuja kwa Mtume (S.A.W.) kwa ajili ya binti yake aliyeozwa, akaugua, nywele zikapukutika, na mume ndiye anayetaka aungwe nywele nyingine. Mtume (S.A.W.) hakumruhusu. Hapo palikuwa na maradhi, palikuwa na mume, na lililotakiwa halikuwa na kisu wala tone la damu. Mwenye kutaka kumruhusu mama wa Matemwe kwa hoja ya mume aanze kwa kuijibu Hadithi hii.

Tunaongeza neno kwa huyo mume. Pwani hiyo hiyo ya Matemwe wapo wanawake ambao tangu kilimo cha mwani kilipoingia Unguja mwaka 1989, kila bamvua wamo ndani ya maji wakifunga mwani kwenye kamba, wameinama au wamekaa juu ya miamba. Magoti yao yameota sugu na yamevimba, na watoto wamesoma kwa magoti hayo. Hakuna mume aliyepata kusimama darsani akauliza iwapo anapaswa kuyatibu. Kumtibu mke anayeumwa goti ndiko kulikokuwa na haki ya kuombewa nauli ya Dar es Salaam.

MAUDHI YA NAFSI

Imebaki ile kauli ya Majmaa juu ya ubaya wa sura unaoleta maudhi ya nafsi. Huu ndio mlango ambao kesho utafunguliwa na kila mtu, kwani nani asiyeweza kusema kuwa nafsi yake imeudhika? Azimio halikuweka kipimo. Sisi tunaona kipimo kipo katika maneno yake lenyewe, kwamba liwe ni jambo lililotoka nje ya umbo la kawaida. Kovu la moto lililovuta ngozi ya goti, uvimbe wa mafuta ulioota upande mmoja, haya ni aibu kwa ada ya watu, na kuyaondoa ni katika jinsi ya pua ya Arfaja. Upo pia ugonjwa unaoitwa lipedema, unaowapata wanawake, ambapo mafuta ya miguu hujaa pande zote mbili, huuma yakiguswa, hupata michubuko kwa wepesi na hayaondoki hata mtu akijinyima chakula. Madaktari huutibu, pamoja na njia nyingine, kwa kunyonya mafuta hayo. Mwenye ugonjwa huo haulizwi kwa nini anataka miguu mizuri, kwani anatibiwa maumivu, na masharti ya Majmaa yanamtosha. Imamu asimjibu mwanamke yeyote kabla ya kumtaka aende kwa daktari ajulikane yupo upande gani, na hili ndilo lililopaswa kuwa jibu la kwanza siku ile.

Ama muulizaji wetu, kwa sifa alizozieleza mwenyewe, goti lake ni goti la mama yake na mama zake wadogo. Si aibu, si maradhi. Maudhi aliyonayo yametoka kwenye simu ya mumewe. Hatuoni kuwa inajuzu kwake, na Allah (S.W.) ndiye Mjuzi zaidi.

Wapo waliokwisha kufanya, na nao wanauliza. Hawatakiwi kurudisha kilichoondolewa, wala swala zao hazikubatilika kwa sababu ya umbo la goti. Toba iko baina yao na Mola wao. Ila waangalie twahara katika wiki za kuvaa ile nguo ya kubana inayofungwa kuanzia pajani mpaka muundini. Katika udhu haina neno, kwa kuwa goti si kiungo cha udhu, maadamu nyayo zinaoshwa. Katika josho la hedhi au janaba, ikiwa daktari anaruhusu ivuliwe kwa muda, ni lazima ivuliwe na maji yafike kwenye ngozi nzima. Ikiwa hairuhusiwi, ataosha sehemu nyingine zote, atapangusa juu yake kwa maji, na atatayamamu kwa ajili ya kilichofunikwa. Na kwa kuwa nguo ile hufunika ngozi nzima kuliko inavyohitajiwa na vidonda vyenyewe, ambavyo ni matundu madogo tu, madhehebu yetu yanamtaka azirudie swala za siku hizo akishapona. Katika sijda, magoti mawili ni katika viungo saba vilivyoamrishwa. Asiyeweza kuyaweka chini kwa maumivu, lakini anaweza kusimama, atasimama na kurukuu kama kawaida, na kwa ajili ya sijda atakaa na kuashiria kwa kiasi anachoweza.